Siri ya Mgonjwa na Mpaka Wake

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika radio

Natumaini kila mmoja ana karatasi na kalamu yake. Fungueni ukurasa mpya, na juu yake mwandike maneno matatu: siri, hatari, wajibu. Nitangoja kidogo.

Haya, tuendelee. Siri ni jambo ambalo mwenyewe hataki lijulikane na kila mtu. Hatari ni jambo linaloweza kumdhuru mtu au kumwua. Wajibu ni kazi ambayo mtu hana budi kuifanya, apende asipende. Leo tutaona jinsi maneno hayo matatu yalivyogongana katika nchi ya Marekani, na jinsi mahakama ilivyotafuta njia ya kuyapatanisha.

Labda mmoja wenu atasema, "Habari ya siri twaijua sana." Ni kweli. Tena nadhani ninyi mwaijua kuliko watu waliosoma tangu utotoni. Kumbukeni siku zile kabla hamjaingia darasa hili. Barua ikija, au ujumbe ukiingia katika simu, ilikuwa lazima umtafute mtu wa kukusomea. Mtu huyo alilijua deni lako kabla yako wewe. Aliujua ugonjwa wa mwanao na ugomvi wako na ndugu yako. Ulikaa mbele yake ukimtazama mdomo, na moyoni ukijiuliza, "Je, akitoka hapa atanyamaza?" Mama mmoja katika darasa nililolizuru aliniambia kwamba jambo hilo ndilo lililomleta shuleni. Hakuwa na haja ya vitabu vikubwa. Alitaka kusoma barua zake mwenyewe.

Mgonjwa mbele ya daktari yumo katika hali hiyo hiyo. Hawezi kujitibu, basi analazimika kumfungulia mtu mwingine mambo yake. Na anayeumwa akilini au moyoni huhitaji kufungua zaidi. Mwenye jipu huonyesha jipu lake, likapasuliwa, akaenda zake. Lakini mwenye huzuni isiyokwisha, au hasira inayomnyima usingizi, hana kidonda cha kuonyesha. Dawa yake huanza kwa maneno. Akificha maneno, ameficha ugonjwa. Wazee wetu walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

AHADI YA ZAMANI

Kwa sababu hiyo ahadi ya kutunza siri ni ya zamani sana katika kazi ya utabibu. Yapata miaka 2,400 iliyopita, katika nchi ya Wayunani, palikuwa na tabibu mashuhuri aliyeitwa Hippocrates. Kuna kiapo cha matabibu kinachoitwa kwa jina lake. Ndani yake tabibu huapa kwamba mambo atakayoyaona au kuyasikia kwa watu, ambayo hayafai kusemwa nje, atayanyamazia.

Lakini kiapo ni kitu kimoja, na sheria ni kitu kingine. Mwaka 1776 huko London bibi mmoja wa ukoo mkubwa alishtakiwa kwamba aliolewa na mume wa pili hali mume wa kwanza yu hai. Daktari wake, Caesar Hawkins, aliitwa kutoa ushahidi. Akauliza kama analazimika kusema mambo aliyoyajua kwa sababu ya kazi yake. Jaji mkuu, Lord Mansfield, akamjibu kwamba daktari anayetoa siri kwa hiari yake amevunja heshima yake, lakini akiulizwa na mahakama hana budi kujibu.

Huko Marekani jimbo la New York lilishika njia nyingine. Mwaka 1828 lilitunga sheria ya kumzuia daktari asiyatoe mahakamani mambo aliyoambiwa na mgonjwa kwa ajili ya matibabu. Baadaye majimbo mengine yaliiga sheria za namna hiyo.

Angalieni vizuri, wanafunzi. Katika habari hizi zote swali lilikuwa juu ya jambo lililokwisha kutendeka. Je, daktari aseme mahakamani yaliyopita? Hatujafika bado kwenye swali gumu zaidi. Je, kama mgonjwa anasema jambo atakalolitenda kesho? Swali hilo lilijibiwa katika jimbo la California, na lilijibiwa baada ya msichana mmoja kufa.

VIJANA WAWILI

Katika mji wa Berkeley pana Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1967 alifika hapo kijana mmoja kutoka Bengal, huko India, jina lake Prosenjit Poddar. Alikuja kusomea ufundi wa kuunda meli. Alikaa katika nyumba ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali, mbali na kwao na mbali na desturi za kwao.

Mwaka 1968 nyumba hiyo ilikuwa na mafunzo ya ngoma za kienyeji za nchi mbalimbali. Huko ndiko alikokutana na msichana aliyeitwa Tatiana Tarasoff. Wakawa wakionana kila juma. Usiku wa kuamkia mwaka mpya msichana alimbusu. Kwa msichana lilikuwa jambo dogo la furaha ya sikukuu. Kwa kijana lilikuwa kama ahadi. Tatiana alipotambua hivyo, alimwambia waziwazi kwamba hana nia ya kuwa mpenzi wake.

Tangu hapo Poddar akaharibikiwa. Akaacha kujitunza, akaacha masomo yake, akawa mtu wa kukaa peke yake na kulia. Mwaka 1969, wakati wa kiangazi, Tatiana alisafiri kwenda Brazil. Poddar akapata nafuu kidogo, na kwa shauri la rafiki yake akaenda kutafuta msaada katika hospitali ya chuo.

Hapo alitibiwa na Dakta Lawrence Moore, mtaalamu wa saikolojia. Mtaalamu wa namna hiyo hapasui wala hapigi sindano. Kazi yake ni kuzungumza na mgonjwa na kumsaidia kuyapanga upya mawazo yake. Poddar akamwamini, akafungua moyo wake. Akasema kwamba atamwua msichana fulani atakaporudi kutoka Brazil. Hakumtaja jina, lakini haikuwa vigumu kumjua.

Hapa simameni kidogo. Jiwekeni mahali pa Dakta Moore. Mgonjwa wako amekuamini. Ukinyamaza, huenda mtu akafa. Ukisema, mgonjwa hatakuamini tena, na pengine wewe ndiwe mtu pekee awezaye kumtuliza. Tena si kila anayesema "nitaua" huua. Wangapi wetu tumesema maneno mabaya kwa hasira, na kesho yake tukacheka? Ungefanya nini?

BARUA

Dakta Moore hakunyamaza. Mwezi wa Agosti 1969 alizungumza na polisi wa chuo, kisha akaandika barua kwa mkuu wao. Alitaka Poddar azuiliwe hospitalini apate kuchunguzwa, kwa maana sheria ya California iliruhusu mtu mwenye hatari ya namna hiyo kuzuiliwa kwa saa 72.

Polisi walimkamata Poddar. Wakazungumza naye, wakamwona ana akili timamu, akawaahidi kwamba atakaa mbali na msichana. Wakamwachilia.

Baadaye wazazi wa msichana walieleza haya katika madai yao: kwamba mkuu wa idara ya magonjwa ya akili katika hospitali ile, Dakta Harvey Powelson, aliwataka polisi wairudishe barua ya Moore; kwamba aliamuru nakala za barua na maandishi ya matibabu yaharibiwe; na kwamba aliagiza lisifanywe jambo lolote la kumzuilia Poddar.

Poddar hakurudi tena kwa Dakta Moore. Mtu aliyemwamini alikuwa amempelekea polisi, na kwa macho yake mlango ule ulikuwa umefungwa. Kisha akamshawishi kaka yake Tatiana wakae pamoja katika nyumba iliyokuwa karibu na kwao msichana. Kaka hakujua lolote.

Tatiana akarudi kutoka Brazil. Naye hakujua lolote. Wazazi wake pia hawakujua. Tarehe 27 Oktoba 1969 Poddar alikwenda nyumbani kwao akamwua. Kisha yeye mwenyewe akawaita polisi.

Sasa hesabuni pamoja nami ni nani waliojua hatari hiyo. Mtaalamu alijua. Mkuu wake alijua. Polisi walijua. Barua iliandikwa, ikasomwa, ikarudishwa. Mtu mmoja tu hakupelekewa hata neno moja, naye ndiye mwenye maisha yake.

Hili ndilo jambo ninalotaka mlikumbuke katika somo hili. Watu wengi husimulia habari hii kana kwamba siri ilitunzwa mno mpaka msichana akafa. Sivyo. Siri ilivunjwa. Lakini ilivunjwa nusu. Ilivunjwa kiasi cha kumpoteza mgonjwa asirudi kwa mtaalamu wake, wala haikuvunjwa kiasi cha kumwokoa msichana. Hasara zote mbili zilipatikana, na faida haikupatikana hata moja.

MAHAKAMANI

Poddar alihukumiwa kwa kosa la kuua. Lakini mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya California iliibatilisha hukumu hiyo, kwa sababu wazee wa baraza walioamua kesi hawakuelezwa sheria kwa ukamilifu. Hakushtakiwa mara ya pili. Aliachiliwa kwa sharti la kurudi India.

Wazazi wa Tatiana nao walifungua madai dhidi ya chuo, madaktari na polisi. Swali lao lilikuwa fupi, na lilikuwa swali la mzazi: "Mlijua. Mbona hamkutuambia?"

Upande wa madaktari ulikuwa na majibu, na yafaa tuyasikie kwa haki. Kwanza walisema, "Tatiana hakuwa mgonjwa wetu. Wajibu wetu ulikuwa kwa Poddar." Pili walisema, "Hakuna mtaalamu awezaye kujua kwa hakika nani ataua na nani hataua." Tatu walisema, "Tukianza kutoa siri, wagonjwa watatukimbia."

Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya California. Mwaka 1974 mahakama hiyo iliamua kwamba palikuwa na wajibu wa kumwonya msichana. Uamuzi ule ulileta ghasia kubwa miongoni mwa wataalamu, na mahakama ikakubali kuisikiliza kesi mara ya pili. Tarehe 1 Julai 1976 ikatoa hukumu yake ya mwisho, iliyoandikwa na Jaji Mathew Tobriner.

Majaji walio wengi walikubali kwamba siri ya mgonjwa ni kitu cha thamani. Lakini walisema ulinzi wa siri hiyo unaishia pale hatari kwa watu wengine inapoanza. Mtaalamu anayejua, au anayepaswa kujua kwa kipimo cha kazi yake, kwamba mgonjwa wake ana hatari kubwa ya kumdhuru mtu, ana wajibu wa kuchukua hatua zifaazo ili amkinge mtu huyo.

Walitoa mfano wa maradhi ya kuambukiza. Daktari akimtibu mtu mwenye maradhi hayo, hawezi kuwaacha watu wa nyumbani mwake bila onyo ati kwa sababu wao si wagonjwa wake. Basi na hatari ya namna hii ni vivyo hivyo.

Angalieni pia tofauti ya hukumu mbili. Ile ya 1974 ilisema juu ya kuonya. Hii ya 1976 ilisema juu ya kukinga, nalo ni neno pana zaidi. Pengine kukinga ni kumwonya mwenyewe. Pengine ni kuwaambia watu wawezao kumfikia, au kuwaarifu polisi, au kuchukua hatua nyingine kwa kadiri ya hali ilivyo.

Si majaji wote waliokubali. Jaji Mosk alikubali kwa sababu katika kesi hii mtaalamu mwenyewe alikwisha kuiona hatari. Lakini hakupenda mtaalamu alaumiwe kwa hatari ambayo hakuiona, kwa kuwa kutabiri matendo ya mtu ni jambo gumu mno. Jaji Clark alipinga kabisa. Alisema kwamba watu wenye hasira za hatari ndio hasa wanaohitaji matibabu. Wakijua siri zao zitatoka, hawatakuja, au watakuja na kuficha. Hapo hawatatibiwa, na mauaji yatazidi badala ya kupungua.

Msimcheke Jaji Clark. Kumbukeni kwamba Poddar hakurudi kwa Moore baada ya polisi kumkamata. Hofu ya jaji huyo haikuwa ya bure.

Na wazazi walipata nini? Polisi hawakuonekana kuwa na wajibu huo kisheria. Ama upande wa madaktari, kesi ilikwisha kwa mapatano nje ya mahakama. Sheria mpya ilipatikana kwa majimbo mengi, lakini mtoto hakurudi.

YALIYOFUATA

Hukumu ile ilienea. Majimbo mengi ya Marekani yaliufuata wajibu huo kwa namna moja au nyingine. Mengine yanamlazimisha mtaalamu. Mengine yanamruhusu tu. California yenyewe mwaka 1985 iliweka mpaka ulio wazi zaidi kwa sheria iliyotungwa na bunge lake. Wajibu huja pale mgonjwa anapomwambia mtaalamu tishio kubwa la kumpiga au kumwua mtu anayeweza kutambulika. Na mtaalamu huutimiza kwa kujitahidi kumfikishia habari mtu huyo, na polisi pia. Mnaona? Polisi pekee hawakutosha tena. Somo la barua ile lilikuwa limeingia katika sheria.

Wala msidhani kwamba siri ilikufa. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani yote, katika kesi ya Jaffee na Redmond, iliamua kwamba mahakama za taifa zisimlazimishe mtaalamu wa tiba hii kutoa maneno ya mgonjwa wake kama ushahidi. Mahakama ilisema kwamba bila imani tiba hiyo haiwezi kufanyika. Lakini katika hukumu hiyo hiyo ilikumbusha kwamba zaweza kutokea hali ambapo siri hiyo haina budi kuondoka, pakiwa na tishio kubwa la madhara lisiloweza kuzuiwa kwa njia nyingine.

Basi sheria ya Marekani ilishika mambo mawili kwa mikono miwili. Mkono mmoja waifunika siri. Mkono wa pili waifunua inapoficha kifo.

KWETU SISI WASIKILIZAJI

Ndugu zangu, huenda ninyi si madaktari. Lakini somo hili ni lenu pia.

Kwanza, msiogope kumwambia daktari yaliyo moyoni. Mpaka tuliousikia leo ni mpaka wa hatari kubwa. Haukuwekwa kwa ajili ya umaskini wako, wala ugomvi wa nyumbani, wala machozi yako ya usiku. Kama una wasiwasi, muulize mtaalamu kabla hujaanza kusema: "Mambo yangu utayaweka wapi? Ni jambo gani ambalo hutaweza kulinyamazia?" Swali hilo si utovu wa adabu, na mtaalamu mwema atalijibu.

Pili, kuna siku ambayo wewe mwenyewe waweza kuambiwa siri ya namna hii. Rafiki aweza kukuambia kwamba atajiua, au atamwua mwenzake. Usimtangaze sokoni. Lakini pia usijidanganye kwamba umekwisha kutimiza wajibu wako kwa sababu umemnong'oneza mtu mmoja, naye akakuambia kwamba hakuna neno. Jiulize kama aliye hatarini amekwisha kujua. Jiulize kama mgonjwa mwenyewe bado ana mtu wa kumsikiliza. Watu wawili wanakutegemea, wala si mmoja.

Maneno yetu matatu ya leo yalikuwa siri, hatari, wajibu. Sasa ongezeni la nne chini yake: onyo. Onyo ni neno linalomfikia anayehusika kabla jambo halijatokea. Likimfikia mtu mwingine, ni habari tu. Likifika baada ya jambo, ni rambirambi.

Mwalimu wa darasa ataendelea nanyi kwa maswali haya. Kila mtu aandike jibu la swali moja kwa mkono wake mwenyewe.

1. Kwa nini mgonjwa wa akili au wa moyo anahitaji siri yake itunzwe?

2. Ni nani waliojua hatari iliyomkabili Tatiana, na ni nani hawakujua?

3. Jaji Tobriner na Jaji Clark walitofautiana. Wewe unakubaliana na nani, na kwa sababu gani?

4. Andika barua fupi ya mistari mitano, kana kwamba wewe ni mtaalamu mwaka 1969. Kabla ya kuandika neno la kwanza, amua barua hiyo unamwandikia nani.

Swali hilo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Kwa herini, hata somo lijalo.